Kamanda Aliyeapa Mara Moja

Mimi ni mtu wa Dodoma. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, wiki ile ile niliyopanda ndege kwenda Odessa kusomea uhandisi wa bandari. Usiniulize ni nani wizarani aliyekaa akaona kwamba binti wa nchi kavu, ambaye mto wa kwao una maji wiki chache tu kwa mwaka, ndiye apelekwe kujifunza kujenga magati. Nilikwenda. Nilikaa miaka sita, nikarudi na shahada na Kirusi kilichokipita Kiingereza changu, na mpaka leo sijajenga hata gati moja. Niliolewa. Mume wangu akapata kazi ubalozini Brussels, nikamfuata. Kisha akahamishiwa Stockholm, akasema ataniita akishatulia. Hajatulia mpaka leo.

Ndivyo nilivyobaki peke yangu miaka ile ya tisini, ghorofa ya saba, katika jengo la wapangaji huko Berchem-Sainte-Agathe. Asubuhi nilisafisha ofisi za watu karibu na Porte de Namur. Mara mojamoja niliitwa na ofisi ya wakimbizi kufasiri Kirusi, maana wakati huo watu walikuwa wanamiminika kutoka kule nchi ya Wasovieti ilikokuwa imevunjika, na wafasiri walikuwa wachache. Mwanamke mweusi akifungua mdomo akatoka Kirusi, walishtuka kwanza, halafu wakalia.

Kuna Jumapili moja nilihesabu maneno niliyoyasema kutwa nzima, yakawa manne. Mawili kati ya hayo nilijiambia mwenyewe baada ya kuunguza wali.

Kamanda nilikutana naye kwenye lifti. Ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, tukiwa wawili tu ndani: mimi na mfuko wangu wa viazi, yeye na koti lake jeusi lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Akaanza kutukana. Matusi ya mabaharia wa Kirusi nayajua, nimekaa bandarini miaka sita. Yote huanzia kwa mama wa mtu. Nikamwacha amalize mzunguko wa kwanza, kisha nikamwambia kwa Kirusi, "Baba, mama wa fundi wa lifti hana kosa."

Aligeuka taratibu sana. Alikuwa na miaka kama hamsini na saba, mwembamba, masikio makubwa. Akaniangalia, akaangalia viazi, akaniangalia tena.

"Umesomea wapi?" akauliza.

"Odessa."

"Toa ripoti," akasema. "Bado wanauza samaki wadogo pale sokoni, wanawapima kwa glasi?"

Tulikaa kwenye ile lifti dakika arobaini, na fundi alipofika nilimchukia.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilishuka ghorofa ya pili kunywa chai kwake. Alikuwa na chumba kimoja ambacho shirika la kanisa lilimpangishia wakati akingoja kesi yake ya ukimbizi. Kila nilipoingia alisimama, akaniambia kabla hata sijavua koti, "Toa ripoti, binti." Mwanzoni nilicheka. Ilikuwa desturi yake ya melini. Kwa miaka ishirini hakuna mtu aliyeingia chumbani kwake bila kueleza hali ya chombo. Basi nami nikawa natoa: maziwa yamepanda bei, jirani wa ghorofa ya nne amenunua mbwa, msimamizi wa usafi amenifokea kwa vumbi ambalo halikuwa langu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Imepokewa." Huwezi kujua neno hilo lina utamu gani mpaka ukae miezi bila mtu wa kukuuliza siku yako imekwendaje.

Habari zake nilizipata kwa vipande. Alizaliwa kando ya mto Volga, baba yake akafia vitani kabla hajamwona. Akiwa kijana alivaa sare ya wanamaji kwa sababu, alisema, walikuwa wanalisha vizuri. Akiwa na miaka kumi na minane aliapa mbele ya bendera kuilinda nchi ya Kisovieti hadi pumzi ya mwisho. Akapanda ngazi moja moja, kwa bidii na kwa ubishi, hadi akapewa manowari yake mwenyewe, yenye mabaharia mia tatu, katika kikosi cha Bahari Nyeusi kule Sevastopol. Alipoitaja meli ile alishusha sauti, jinsi sisi tunavyomtaja marehemu.

Kisha Muungano wao ukavunjika. (Wao, si wetu, Mtanzania ukimtamkia neno hilo moyo humruka.) Nchi mbili mpya zikagombania meli zile. Majira hayo ya baridi walikuja maofisa kutoka Kiev, wakaweka meza sitahani, wakatandika kitambaa, wakataka kila ofisa asome kiapo kipya na kutia saini. Kamanda akakataa. Wakubwa wa upande wa Moscow wakafurahi, wakamwona mtu wao. Nao walipoleta meza yao na kiapo chao, akakataa tena.

"Niliapa mara moja," aliniambia. "Kiapo si shati."

Basi akaangukia kati. Upande huu ulimwita msaliti na upande ule ukamwita msaliti. Ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule. Aliambiwa akabidhi meli kabla ya chakula cha mchana. Desturi ya jeshi lao la majini ni kwamba kamanda akishuka melini, ofisa wa zamu hupaza sauti na wote walioko sitahani husimama wima. Siku hiyo ofisa wa zamu alikuwa kijana aliyemfundisha mwenyewe. Kijana hakujua afanye nini, maana hakujua sasa anamtumikia nani, akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kamanda alishuka na sanduku lake kimyakimya. Mkewe alimwambia kwamba kiapo hakiliwi, akahamia kwa dada yake. Miaka miwili baadaye yule mtu wa mabaharia mia tatu alikuwa msaidizi kwenye meli ya mizigo iliyooza kwa kutu. Ilipofika Antwerp wenye meli wakaitelekeza na watu wakiwa ndani. Kutoka pale ndipo akaja Brussels kuomba hifadhi.

Shida yake ilikuwa hii: kila fomu ilimuuliza uraia, na kila fomu aliacha pale pakiwa patupu. Hakutaka kuandika Mrusi, hakutaka kuandika Mwukreni. Alitaka wamruhusu akae hapa, mahali ambapo hakuna mtu angemwambia aape, basi. Nilimgombeza mpaka nikachoka.

"Andika Mrusi, mambo yaishe! Umezaliwa huko. Kwetu tunasema bendera hufuata upepo."

Akafikiri. "Bendera ndiyo," akasema. "Ndiyo maana haipewi usukani."

Jumamosi moja nilimpeleka Matonge, mtaa wa Waafrika pale Brussels, kula. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu mwenye mgahawa mdogo ndani ya galeri, ujia wa maduka uliofunikwa paa, hatua chache kutoka Chaussée d'Ixelles. Meza nne, sufuria tatu, na yeye mwenyewe akiwa mkubwa kuliko vyote. Kwa sababu mimi nilikuwa na Kiswahili cha redio na yeye cha Kivu, tulitaniana sana. Nikaingia na mgeni wangu, nikasema kwa majivuno, "Jamani, huyu ni Kamanda."

Vijiko vilisimama. Mzee mmoja mwenye kofia aliisukuma sahani yake, akaangalia mlango. Ilikuwa mwaka ule ambao watu wa Kivu walikuwa wakipigiwa simu za misiba ya vita kila wiki.

"Dada," yule mama akaniambia polepole, "jina ile usilete hapa. Bantu bote unaona hapa, ni ma-commandant ndio balitufukuzaka kwetu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaeleza haraka kwamba huyu alikuwa wa meli, Urusi, zamani.

"Na bateau yake iko wapi?"

"Walimnyang'anya."

"Alors, huyu hapana commandant. Ni papa tu." Papa kwao ni baba. Akavuta kiti. "Papa, ikala. Kula."

Akamletea bugali na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kamanda akawashika mkia, akawatafuna na vichwa vyao, kama wanavyokula Odessa, mmoja baada ya mwingine bila kuinua uso. Mzee mwenye kofia alimtazama, akairudisha sahani yake. "Huyu anajua," akasema. Kutoka siku hiyo ilikuwa "Papa aliamuka?" na "Papa anakosa nini?" kila nilipopita.

Siku ya kuhojiwa kwake ilikuwa Jumanne. Aliniambia ataitwa wiki hiyo. Hakuniambia siku, maana barua alikuwa ameificha kwenye daftari kama siri ya kijeshi. Nami niliitwa kazini kama kawaida, nikaambiwa mlango wa tano, nikafungua, nikamkuta ameketi wima, tai shingoni, mikono magotini.

Sheria ilikuwa wazi: mfasiri akimjua anayehojiwa, anasema, anaondolewa, analetwa mwingine. Ofisa alikuwa msichana mwenye kikohozi. Aliniuliza bila kuinua macho kama tunafahamiana.

"Hapana," nikasema.

Kamanda aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu wa kituo cha basi. Alikuwa ameelewa.

Kazi ya kufasiri ina kanuni moja ngeni. Husemi "anasema kwamba aliumia." Yeye akisema "niliumia," nawe unasema "niliumia." Unavaa mdomo wa mtu. Kwenye vyumba vile nimewahi kuwa mjane wa Grozny, fundi wa reli, mwizi wa magari, na mama wa watoto sita, mimi ambaye sina hata mmoja.

Msichana akauliza uraia wake ni upi.

Kamanda alijibu taratibu, kama mtu aliyeandaa maneno kwa miaka. Alisema aliapa mara moja, akiwa na miaka kumi na minane. Bendera ile imeshushwa na nchi ile haipo. Nyingine hakuiapia wala hataiapia. Hana nchi, na aandikwe hivyo.

Vidole vya msichana vilikuwa vinangoja juu ya kompyuta. Nilikuwa nimeona kwenye vyumba vile watu waliojibu kwa mafumbo, nikaona jinsi maofisa walivyovuta pumzi na kufunga faili. Niliogopa. Lakini nisijitakase kwa hofu, kuna jambo lingine, na nitalisema. Nilitaka abaki. Nilitaka abaki kwa ajili yangu. Nilifikiria ile Jumapili ya maneno manne, nikaona mlango wa ghorofa ya pili ukifungwa, na sikuwa tayari.

"Je suis russe," nikasema. Mimi ni Mrusi.

Msichana akashangaa kidogo. "Maneno yote yale ni hilo tu?"

"Warusi husema sana," nikamjibu.

Akaandika. Jicho la Kamanda lilinigeukia mara moja, likarudi ukutani. Sikulijali. Kifaransa chake kilikuwa cha kununulia mkate tu. Mengine yote nilifasiri kwa uaminifu mkubwa, na nilitoka pale nikijiona mjanja. Nilipita dukani nikanunua keki.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Aliniletea juu, ghorofa ya saba, mara yake ya kwanza kuja kwangu. Akasimama jikoni nami nikasoma Kifaransa kile kirefu. Walikubali kwamba alipoteza cheo na meli. Lakini kwa kuwa kwa kinywa chake mwenyewe alitamka kuwa ni Mrusi, na kwa kuwa Urusi ipo na haikumtendea ubaya wa kumfanya akimbie, basi arudi kwao.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wamekataa," nikasema. "Nitakueleza kesho." Nikamfungia mlango, mimi, mtu niliyelilia mazungumzo.

Nikakimbilia Matonge. Yule mama wa Bukavu aliijua sheria ya wageni kuliko wanasheria. Alikuwa amepeleka mafaili ya nusu ya ukoo wake. Nikamweleza yote huku nalia juu ya vitunguu vyake. Aliweka kisu chini.

"Rudilia. Papa alisema hana inchi?"

"Ndiyo."

"Na weye ukasema iko Murusse."

"Ndiyo."

"Mais dada!" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Muntu mwenye hana inchi, batamurudisha wapi? Hakuna ndege ya kwenda nulle part, pahali hapako! Bangesumbuka naye miaka, lakini angebakia. Sasa weye umemupatia inchi. Mwenye iko na inchi, banamurudisha."

Mtu aweza kukutukana siku nzima usiumie, akakueleza ukweli kwa maneno matatu ukakosa pa kujificha. Msiba wa kujitakia hauna kilio, wanasema. Mimi nililia hivyo hivyo.

Akaniambia nafasi ipo bado. Siku za kukata rufaa hazijaisha. Niende mwenyewe, niandike kwamba mfasiri alisema uongo na kwamba alimjua mhojiwa. Ningepoteza ile kazi, hilo sikuwa na shaka nalo, na karatasi zangu za kukaa zilikuwa za kuungaunga; wangeweza kunifuata hata mimi. Nilikaa meza ya pembeni nikaandika barua, kurasa mbili. Najua siku hiyo sikuwa mwoga. Nataka hilo nalo lijulikane.

Jioni nikashuka ghorofa ya pili. Alisimama kama kawaida.

"Toa ripoti."

Nikatoa. Nilimweleza alichosema yeye, nilichosema mimi, na kwa nini. Nikamwekea barua mezani na kumwonyesha pa kutia saini yake kando ya yangu. Hakuishika.

"Neno lile nalijua, binti," akasema. "Linafanana kwa lugha zote. Nililisikia."

Sikuelewa.

"Nilisikia ukisema Mrusi. Ningeweza kusimama nikasema 'non'; hilo nalo nalijua. Kule Sevastopol nilikataa mbele ya watu mia tatu, mara mbili, na kazi yangu yote ikaenda. Pale, mbele ya msichana mmoja mwenye kikohozi, nilikaa kimya. Chumba kilikuwa na joto. Nilikuwa nimechoka. Nikafikiri: labda Jumamosi tutakunywa chai tena." Akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunjo. "Aliyekaa kimya ameapa."

Nilimwambia kosa ni langu, uongo ni wangu, mdomo ni wangu. Nilimwambia kwa Kirusi, kisha Kirusi kikaniishia nikaendelea kwa Kiswahili.

"Lako ni lako," akasema. "Silichukui. Lakini langu simpi mtu."

"Tia saini, Kamanda. Tafadhali."

"Niseme sina nchi? Sasa ninayo. Nimeshaikubali." Akaikunja barua yangu mara mbili, akanirudishia. "Mtu akishaapa, anakwenda."

Na ubishi wake ule ule ulioniudhi mwaka mzima, sikuweza kuuvunja. Nilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Siku za rufaa zikaisha akiwa anapiga pasi mashati.

Ubalozi wao ulimpa karatasi ya safari. Aliondoka kwa basi kubwa linalokwenda Moscow, kutoka Gare du Nord, adhuhuri moja ya mvua ya rasharasha. Mama wa Bukavu alifunga mgahawa akaja, akamletea sambaza wakavu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kamanda alimbusu mkono. Mimi nilitaka kumuuliza kama amenisamehe, nikaona ni swali la kunifaa mimi tu, nikanyamaza.

Dereva alikuwa kijana wa Kirusi mwenye orodha mkononi. Alikuwa anamuuliza kila abiria uraia kabla hajapanda, kwa ajili ya mipaka. Walikuwemo Wapolandi, Wabelarusi, wanafunzi. Ikafika zamu yake.

"Wewe, babu. Mrusi?"

Nilifumba macho. Kamanda alisimama wima, visigino pamoja, akajibu kwa sauti ambayo bila shaka zamani ilikuwa ikisikika kutoka mwisho mmoja wa sitaha hadi mwingine. Wabelgiji wawili waliokuwa wanapita waligeuka kutazama. Kisha akapanda, akaketi upande wa pili, sikuliona tena lile koti jeusi.

Basi lilipokata kona yule mama alinishika mkono. Hakujua Kirusi hata neno.

"Dada, papa alisema nini pale? Mbona alilalamika hivyo?"

"Hakulalamika," nikamwambia. "Amesema, 'Mimi ni Mrusi.'"

Safari hii sikuongeza wala sikupunguza.